Kompyuta moja, wenyewe watano

Kwenye sebule ya familia moja ya Kihonda, mjini Morogoro, laptopu hukaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama zilivyokuwa zikifunikwa redio zamani. Baba mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua ya mtumba Kariakoo mwaka 2019. Risiti ina jina lake, lakini tangu wiki ya kwanza kompyuta ile ilikuwa na wenyewe watano.

Yeye huandikia mitihani na maandalio ya masomo. Mkewe ni katibu wa kikoba cha akina mama 28, na hesabu zote za hisa, mikopo, faini za kuchelewa na mfuko wa jamii alikuwa ameziingiza humo. Binti yao wa kidato cha tatu amejaza mitihani ya miaka iliyopita. Kijana wao mkubwa, aliyeko chuoni Dodoma, huitumia akija likizo. Wa tano ni shangazi, dada wa baba, ambaye hajui hata pa kuiwashia. Hati ya mauziano ya kiwanja chake ilipigwa picha na kuwekwa humo mchwa walipoanza kuingia kwenye sanduku lake la nguo, na bahati mbaya karatasi yenyewe waliimaliza mwaka uliofuata. Kila akija kuwasalimia aliipapasa laptopu kwa kiganja na kusema, "Benki yangu haijambo?"

Benki haikuwa na hali nzuri. Kila flashi iliyochomekwa ilitoka na ugonjwa, mafolda yamegeuka vishale vya shotikati, ukibonyeza hakuna kitu. Baba aliwahi kupeleka mtihani wa darasa la nne steshenari kwenda kuchapisha, mwenye duka akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, flashi yako naijua, naomba usiichomeke." Windows iliyokuwa ndani ilikuwa ya kuchakachua, imewekwa na fundi wa mjini kwa shilingi 20,000, na kila baada ya miezi michache ilirudi kwa fundi yule yule kwa shilingi 20,000 nyingine. Kuiwasha ilikuwa kazi ya dakika saba. Binti alikuwa akibonyeza kitufe, kisha anakwenda kuosha vyombo.

Halafu, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ikaacha kutoa kwa kawaida masasisho ya usalama ya Windows 10. Kulikuwa na nafasi ya kujiandikisha kupata mwaka mmoja wa nyongeza. Zaidi ya hapo njia ni Windows 11, nayo haipokei kila mashine. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Laptopu ya Kariakoo, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita na RAM ya GB 4, haimo kwenye orodha hiyo. Ilikuwa nzima, kibodi nzima, skrini nzima, lakini imeachwa kituoni na basi limeondoka.

Kijana aliporudi likizo mwanzoni mwa Desemba alikuwa na dawa mfukoni. Mwenzake wa chumbani chuoni alikuwa akitumia Linux Mint kwenye mashine kuukuu kuliko ile, na ilikuwa inawaka kabla chai haijapoa. Alieleza mezani kwa shauku yote ya mtu aliyegundua jambo juzi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na miaka 21. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ubuntu, ambayo Mint imejengwa juu yake, ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwatumia watu sidii kwa posta bila kudai senti. Mint yenyewe ilianza mwaka 2006. Hakuna ufunguo wa kununua wala wa kuiba.

Baba alisikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo. "Rahisi ghali," alisema, "sembuse bure."

Mazungumzo yakaishia hapo, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kijana alilichukua neno la baba kuwa ni mashaka ya mzee asiyejua kompyuta. Hakumuuliza baba anahofia kupoteza nini. Mama alikuwa jikoni. Shangazi hakuwepo.

Jumamosi ya tarehe 6 baba alikwenda msibani Kilosa, mama sokoni, binti kwenye kwaya. Kijana alibaki na laptopu, flashi mbili na mwongozo wa kurasa sita alioupiga chapa chuoni. Ulikuwa mwongozo wa wanaoanza, mzuri kwa kweli, wenye hatua kumi. Pakua faili la mfumo, karibu GB 3. Litie kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, maana kulinakili tu kama wimbo hakutoshi. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwa laptopu nyingi za Dell na Lenovo, Esc kisha F9 kwa HP. Mfumo utaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani. Ujaribu. Ukiridhika, bonyeza ikoni ya kusakinisha.

Hatua ya tatu ilikuwa na sentensi moja: hifadhi data zako kwanza.

Aliihifadhi. Alifungua folda ya Documents na ile ya Desktop, akanakili kila kitu kwenye flashi ya GB 16, akaweka tiki kwenye karatasi. Kwa mtu anayetumia kompyuta kama yeye, kazi ilikuwa imekwisha. Hakujua kwamba fundi wa mjini, siku ya kwanza kabisa, aliigawa diski mafungu mawili, C na D, akamwambia mama, "Vitu vyako vya maana weka D, hata Windows ikiharibika huku hakuguswi." Ushauri ulikuwa mzuri, na mama aliufuata kwa miaka sita. Kikoba kizima kilikuwa D, na hati ya shangazi pia.

Programu ya kusakinisha ilimuuliza swali ambalo huwauliza watu wote. Je, Linux ikae pembeni ya Windows, au diski ifutwe yote? Chini ya jibu la pili kulikuwa na onyo kwamba programu, nyaraka, picha na nyimbo za mifumo yote zitapotea. Alilisoma. Alitazama flashi ya GB 16 mezani. Akachagua kufuta.

Miongozo mingi ya namna hii huandikwa na mtu ambaye kompyuta ni yake peke yake. Ana ya kwake chumbani, anajua kila faili alipoliweka, na akipoteza kitu amejipotezea mwenyewe. Neno "data zako" kwake halina utata. Kwenye nyumba zetu nyingi kompyuta ni kama sufuria kubwa la ukoo, linaazimwa, linarudi, na hakuna anayejua orodha kamili ya vilivyopikwa humo. Mwongozo hauwezi kujua hilo. Ni kazi ya anayeushika mkononi.

Baada ya dakika 25 laptopu ilijizima na kuwaka tena, safi, haraka, yenye nembo ya kijani. Kijana alicheka peke yake kwa furaha. Mama aliporudi alimwonyesha. Mama aliangalia skrini huku bado ameshika kikapu.

"Nzuri. Sasa kikoba kiko wapi?"

"Kipo mama, nimenakili Documents yote."

"Sikukiweka huko. Kiko D."

Binti, aliyekuwa ameingia nyuma yake, anasema kaka yake aliinama juu ya flashi ile akaifungua na kuifunga mara tatu, kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua hauna kitu.

Kuvunja kikoba kulipangwa Jumamosi ya tarehe 20. Zilibaki siku 14. Daftari kubwa la zamani lilikuwepo, lakini mama aliacha kuliandika mwezi Juni kwa sababu kuandika mara mbili kulimchosha na kompyuta ilikuwa ikijumlisha yenyewe. Wanachama 28, hisa za shilingi 5,000 kila baada ya wiki mbili, mikopo kumi na moja ambayo haijamalizika, riba zake. Wanawake wale wamewahi kuona kikoba cha mtaa wa pili kikivunjika kwa ugomvi wa katibu, na katibu yule hadi leo anapita njia ya nyuma akienda dukani.

Mama hakupiga kelele. Alikaa, akavua kilemba, akasema, "Usiiguse tena. Kaa mbali nayo." Hakujua, lakini ulikuwa ndio ushauri bora kuliko wote uliotolewa nyumba ile siku hiyo.

Maana faili likifutwa kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, kinachoondoka kwanza ni anuani yake. Yaliyomo hubaki palepale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kila dakika kompyuta inavyofanya kazi, kila programu inayosakinishwa, ni hatari ya kuandika juu. Kwenye diski za kisasa za SSD mambo ni magumu zaidi, maana mara nyingi zenyewe husafisha nafasi iliyofutwa ndani ya muda mfupi. Ya Kariakoo ilikuwa ya kuzunguka, nzito na yenye kelele. Unyonge wake ndio ulioiokoa.

Kijana alimpigia mwenzake wa chuo, sauti imekauka. Akaambiwa azime, awashe tena kwa ile flashi ya kusakinishia, ili mfumo uendeshwe kutoka kwenye flashi na diski ya ndani isiguswe, kisha atafute programu iitwayo PhotoRec. Nayo ni huria na ya bure. Haina madirisha ya kupendeza, ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi, lakini hupita kwenye diski kipande kwa kipande ikitambua mafaili kwa sura ya mwanzo wake. Inataka diski nyingine ya kutilia inachookota. Wakamwendea jirani mpiga picha za harusi, akawaazima diski yake ya nje ya GB 500 kwa sharti kwamba isitoke nje ya nyumba.

Baba alirudi msibani saa mbili usiku akakuta familia imekaa kimya mbele ya namba zinazopanda. Alielezwa. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akauliza swali moja, "Umeme wa luku umebaki yuniti ngapi?" Zilikuwa yuniti nne. Alitoka kwenda kununua nyingine, maana betri ya laptopu ile haifiki nusu saa. Kazi ilikwenda usiku kucha. Saa kumi alfajiri umeme ulikatika dakika chache ukarudi, na baba, ambaye alikuwa amekaa kitini akijidai hajalala kwa sababu ya joto, alisimama akashika chaja kwa mkono kama vile kuishika kungesaidia.

Asubuhi kulikuwa na mafaili zaidi ya elfu kumi na tisa. Hakuna hata moja lenye jina. PhotoRec haiokoti majina. Huyapa mafaili namba na kuyapanga kwenye mafolda ya mia tano mia tano. Picha za ikoni za Windows, vipande vya nyimbo, mitihani, kadi ya mchango wa harusi ya mwaka 2021, vyote vimechanganywa kama mizigo ya basi lililopinduka. Waliyachuja kwa aina, wakabaki na majedwali mia mbili na kidogo. Mama alikaa kwenye kiti cha mbele. Kijana anafungua, mama anasema "hapana." Anafungua, "hapana." Hiyo ilikuwa Jumapili na hakuna aliyekwenda kanisani.

Baada ya saa tatu yakaanza kuonekana majedwali ya kikoba, na si moja. Excel kila unapohifadhi huandika nakala mpya na kuiacha ya zamani, kwa hiyo diski ilikuwa na vivuli kadhaa vya kikoba kile kile: cha Machi, cha Mei, cha Julai. Cha mwisho kabisa walichokipata kiliishia tarehe 20 Septemba. Mama alikitazama, akapiga kofi moja, akaanza kulia hapo ndipo.

Oktoba na Novemba hazikupatikana. Zilikuwa kwenye vitabu vya wanachama, vile vidogo vyenye mihuri, kila mmoja na chake nyumbani. Ili kuvipata ilibidi awaambie.

Watu wengi wangetafuta maneno ya kuzungukia. Mama aliitisha kikao Jumanne, akasimama, akasema hesabu za miezi miwili zimepotea kwenye kompyuta, aliyezipoteza ni mwanawe, yeye hakumtuma lakini alimwachia, na anaomba kila mmoja alete kitabu chake. Kijana alikuwa mlangoni. Alitakiwa aingie asimame karibu na mama yake, akaingia. Mmoja kule nyuma alisema si kwa sauti ndogo sana, "Siku hizi kompyuta zinakula hela." Mwenyekiti, mama mtu mzima muuza vitenge, alimkatiza: "Ingekula hela Katibu asingesimama hapo. Leteni vitabu."

Vilikuja vitabu 27 siku hiyo na kimoja kesho yake, kimelowa. Kijana na mama waliingiza mihuri mmoja mmoja kwa siku tatu, kwenye LibreOffice Calc, programu ya bure inayokuja na Mint na inayosoma majedwali ya Excel. Fomula zote zilikubali. Kitufe kimoja tu, cha kukokotoa riba kwa mkupuo, ambacho aliwahi kutengenezewa na mhasibu mmoja, kiligoma, kwa sababu kilikuwa na programu ndogo ya ndani iliyoandikwa kwa ajili ya Excel. Ikabidi riba zifanywe kwa fomula ya kawaida. Hilo msomaji mwenye majedwali ya vitufe alijue mapema: fungua faili lako lile gumu kuliko yote kwenye Linux ya flashi kabla hujaamua lolote. Ukifungua barua ya salamu ikakubali hujajaribu kitu.

Kile kitabu kilicholowa kilileta mvutano. Mwenyewe alisema ana hisa nane kwa miezi ile miwili. Mihuri iliyosomeka ilikuwa miwili. Hisa sita ni shilingi 30,000. Hakukuwa na wa kumpinga wala wa kumthibitisha. Mama alisema zilipwe kutoka kwenye gawio lake, na tarehe 20 zikalipwa hivyo, kikoba kikavunjwa kwa amani na pilau. Jioni kijana alimpelekea mama yake shilingi 30,000 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya viatu vya chuo. Mama alizipokea. Hakumwambia aendelee kuzishika, na pengine hiyo ilikuwa heshima kubwa aliyompa mwezi ule.

Hivi wakati wote huo kompyuta ilikuwa na Linux, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuijadili. Ilipokwisha pilau baba akauliza kama sasa irudishwe kwa fundi. Fundi bei yake ilikuwa imepanda hadi 25,000. Mama akasema imevunja kikoba na imekiunga, iachwe. Binti alikuwa ameshaizoea siku ya pili. Printa ya baba ilitambuliwa ilipochomekwa tu, bila sidii yake. Vishale vya shotikati havikuonekana tena, kwa kuwa virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Flashi ya shule inaweza kuja navyo, navyo vitalala tu humo bila kufanya kitu, ila ukiipeleka flashi hiyo steshenari vitaamka huko. Kwa hiyo baba bado anafukuzwa mara moja moja.

Malalamiko yake makubwa yalikuwa ya mwandiko. Mitihani ya darasa la pili aliiandika kwa Comic Sans, na Mint haikuwa nayo, ikaweka mwandiko mwingine, swali la saba likateremka ukurasa wa pili na picha ya ng'ombe ikabaki peke yake. Kuna kifurushi cha miandiko ya Microsoft kinachopakuliwa bure, Comic Sans ikiwamo. Kijana alikiweka kwa hotspoti ya simu yake. Ng'ombe akarudi kwenye swali lake. Baba alitikisa kichwa mara moja, akasema itabidi aonyeshwe namna ya kuisasisha mwenyewe, kwa sababu mtoto anarudi chuoni. Akaonyeshwa: ngao ndogo pembeni ya saa, ikiwa na nukta ya rangi kuna masasisho, bonyeza, weka nenosiri, subiri. Toleo lao litapata masasisho hadi mwaka 2029. Baba aliandika hayo nyuma ya daftari la mahudhurio.

Lugha nayo ilizungumzwa. Kijana alisema mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa ofisi ya kompyuta kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, babu wa hii LibreOffice, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Baba, ambaye amefundisha Kiswahili miaka 22, aliuliza mbona hakuwahi kuiona shuleni. Kijana hakuwa na jibu.

Wiki ya Krismasi jirani mpiga picha alikuja kuchukua diski yake na kuomba laptopu ya mkewe nayo ihamishwe. Kijana alikwenda na daftari badala ya flashi. Aliuliza nani wote wanaitumia. "Mke wangu tu," akajibiwa. Akakaa, akangoja. Baada ya muda wakakumbuka mdogo wa mke aliyekuwa akiandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na mtoto mwenye mchezo wake, na kwamba mjumbe wa mtaa aliwahi kuchapiwa orodha ya wakazi. Alimtaka kila mmoja afungue mbele yake kile anachokitumia, aone kilipokaa. Vitu vilipatikana sehemu nne tofauti, kimoja kwenye pipa la taka, ambako mdogo wa mke alikuwa akihifadhi kwa makusudi. Alinakili diski nzima, C na D, kwenye diski ya nje, akafungua mafaili kumi hovyo kuhakikisha yanafunguka. Kisha akawaachia flashi ya Linux waitumie wiki nzima bila kusakinisha. Ripoti ya mdogo wa mke ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kukabidhiwa, kwa hiyo walikubaliana mashine ile isiguswe hadi Februari. Wakati mwingine jibu sahihi la mwezi huu ni hapana.

Ikabaki hati ya shangazi.

Picha yake ilipatikana miongoni mwa zile elfu kumi na tisa, namba tu na herufi. Ilipofunguka ilionekana nusu. Juu kulikuwa na tarehe, jina la muuzaji, jina la shangazi, vipimo na majina ya mashahidi wawili. Chini, kuanzia kwenye bei hadi kwenye sahihi, rangi ya kijivu tupu. Sehemu hiyo ya diski ilikuwa tayari imeandikwa juu na Linux yenyewe. Kijana alijaribu nakala zote, zote zilikuwa hivyo.

Shangazi aliambiwa siku ya mwaka mpya. Alivaa miwani, akaitazama skrini karibu sana. "Mimi nimeandikwa," alisema. "Lakini sijasaini." Muuzaji alishafariki na watoto wake wameanza kupita pale na futi kamba. Wa mashahidi wawili mmoja amefariki pia. Wa pili alihamia kwa binti yake, kijiji cha mbele ya Kilosa.

Walikwenda wiki ya pili ya Januari, shangazi na kijana, nauli ya kijana. Alichelewa kurudi chuoni kwa ajili hiyo. Njiani shangazi alimnunulia mahindi ya kuchoma na hakuongea mengi. Mzee waliyemkuta alikuwa na masikio mazito lakini macho makali. Bei hakuikumbuka. Alikumbuka mwembe wa mpakani, na kwamba siku ile ya mauziano mvua iliwafukuza wakamalizia kuandika ndani ya banda la mbuzi. Alikubali kuja Morogoro kwenye ofisi ya mtaa kuandika maelezo yake. Alikuja, akaandika, mwenyekiti wa mtaa akapiga muhuri.

Nje ya ofisi kijana aliomba karatasi aipige picha, ili iwekwe kwenye laptopu, kwenye flashi na kwenye barua pepe yake. Shangazi alikataa kuitoa mkononi. Aliishika mwenyewe kwa mikono miwili, kifuani, akamwambia apige hapo hapo. Akapiga. Picha ni nzuri, maneno yote yanasomeka, na pembeni, karibu na muhuri, kinaonekana kidole gumba cha shangazi, kimebana karatasi hadi ukucha umekuwa mweupe.